Dondoo muhimu: Vitabu vya maarifa kwa msomaji wa Mahoo, Taveta

Anza na cha nyumbani. *Tip and Run* (2007) cha Edward Paice kinasimulia Vita Vikuu vya Kwanza barani Afrika. Soma kuhusu Salaita, kisha shuka ukakione kilima chenyewe kando ya barabara ya Taveta kwenda Voi. Vita vya hapo vilipiganwa tarehe 12 Februari 1916.

Pima takwimu unazosoma. J. H. Patterson, aliyewaua simba wawili wala watu wa Tsavo mwaka 1898, baadaye alidai waliua watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya yao uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Msimulizi hodari bado anastahili kuulizwa maswali.

Kitabu cha ndege kisomwe nje. *Birds of East Africa* cha Stevenson na Fanshawe kilitoka upya mwaka 2020. Kibebe hadi Ziwa Jipe asubuhi na mapema, pamoja na darubini. Tazama kwanza mdomo, miguu na mwendo wa ndege, ndipo ufungue picha.

Usilazimike kumaliza. Kitabu cha maarifa si riwaya. Pitia yaliyomo na faharasa, uchague sura inayokuhusu.

Waulize wazee. Andika kwa penseli majina ya Kitaveta ya ndege na mahali. Vitabu vingi vimeyaacha, na wenye kuyajua wangali nasi.

Nunueni kwa kuchanga. Vitabu hivi ni ghali. Marafiki wakichangia kimoja na kupokezana, kila mmoja atasoma.