Soma Maelekezo Rasmi Kwanza: Somo kwa Wanaotunza Kontena za Programu kwa Msaada wa Akili Unde



Katika ufuo wa Muhuru Bay, wadi ya Muhuru, Kaunti Ndogo ya Nyatike, omena haiuzwi bila hesabu. Kuna anayepima, kuna anayeandika, na kuna mama aliyechukua mzigo kwa mkopo akiahidi kulipa baada ya kuuanika na kuuza. Daftari likilowa maji, ugomvi huanza. Ndiyo sababu vyama, zahanati na maduka mengi siku hizi huweka rekodi zao kwenye kompyuta.

Lakini kompyuta nayo inaweza kupoteza daftari, tena kwa amri moja fupi. Somo hili ni la vijana na maafisa wanaotunza mifumo ya aina hiyo, hasa wale ambao sasa wanamwachia msaidizi wa akili unde kazi ya kuandika na kutekeleza amri. Linawahusu pia viongozi wa vyama, kwani data ni ya wanachama wala si ya fundi.

Kontena ni nini?

Mkaazi yeyote aliyepita barabara kuu ya kutoka Mombasa amewahi kuona kontena la chuma juu ya lori. Halijali limebeba nguo au vipuri. Kreni ya Mombasa na ya nchi nyingine hulibeba kwa namna ile ile, kwa sababu vipimo vyake ni vya kawaida.

Wataalamu wa programu waliazima wazo hilo. Kontena ya programu ni kifurushi chenye programu pamoja na kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi, kiasi kwamba inaendeshwa sawasawa kwenye kompyuta ya Migori na ya Nairobi. Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Docker, kilichotambulishwa hadharani mwaka wa 2013. Mwaka uliofuata Google ilitoa Kubernetes, ya kusimamia kontena nyingi kwa pamoja. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani, yaani nahodha.

Jambo moja lazima likae kichwani: kontena yenyewe ni ya kutupwa. Unaweza kuifuta na kuiunda upya wakati wowote. Data inayotakiwa kudumu huwekwa nje ya kontena, mahali panapoitwa voliumu. Kontena ni mtumbwi, voliumu ni ghala. Mtumbwi ukitoboka utachonga mwingine, lakini ghala likiungua, hasara ni ya kijiji kizima.

Kwa nini msaidizi hukosea?

Msaidizi wa akili unde amejifunza kutokana na maandishi mengi ya miaka mingi. Ndani yake mna maelekezo ya zamani na ya sasa, ya mafundi hodari na ya wanaobahatisha, yote yakiwa yamechanganyika. Akijibu, hutoa sentensi inayoelekea kuwa sahihi, kwa sauti ile ile ya uhakika, awe anajua au anakisia.

Programu nazo hubadilika. Mfano mdogo: zamani amri iliandikwa `docker-compose`, yenye kistari. Toleo hilo la kwanza liliacha kupokea marekebisho mwaka wa 2023, na sasa tunaandika `docker compose` bila kistari. Msaidizi asiyesoma maelekezo ya leo anaweza kukupa ya jana.

Mfano mzito zaidi unahusu PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa sana, ikiwemo na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka wa 2011. Katika kontena rasmi ya PostgreSQL, toleo la 17 na ya nyuma yake, voliumu huunganishwa kwenye `/var/lib/postgresql/data`. Kuanzia toleo la 18, lililotoka mwaka wa 2025, huunganishwa kwenye `/var/lib/postgresql`. Ukitumia njia ya toleo la 18 kwenye toleo la 17, mfumo utawaka na kufanya kazi vizuri, lakini siku utakapoiunda kontena upya, hifadhidata itaanza ikiwa tupu. Jibu moja ni sahihi kwa huyu na ni hatari kwa yule. Anayetenganisha mawili hayo ni ukurasa rasmi wa toleo lako.

Mfano: nenosiri lililokataa

Tuseme chama cha wauzaji omena kina kompyuta moja ofisini. Ndani yake mna kontena mbili: ya kwanza ina ukurasa wa kuingiza uzito na madeni, ya pili ina hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 17. Data imewekwa kwenye voliumu kama inavyotakiwa.

Karani aliyejua nenosiri ameondoka. Mwenyekiti anamwambia kijana anayetunza mfumo, "Badilisha nenosiri leo." Kijana anamwagiza msaidizi. Msaidizi anabadilisha mstari wa `POSTGRES_PASSWORD` kwenye faili la mipangilio, anaweka nenosiri jipya pia kwenye kontena ya ukurasa, kisha anawasha upya. Ukurasa unakataa: nenosiri si sahihi.

Msaidizi anatafakari na kusema tatizo ni data ya zamani iliyobaki, kwa hiyo tuanze upya kwa usafi. Anapendekeza `docker compose down -v`, kisha kuwasha tena. Kijana anakubali. Ukurasa unafunguka, nenosiri jipya linafanya kazi, na msaidizi anatangaza kwamba tatizo limetatuliwa. Mama wa kwanza akija kulipa deni, jina lake halipo. Hakuna jina la yeyote.

Nini kilitokea? Majibu yote mawili yameandikwa wazi kwenye maelekezo rasmi.

Kwanza, ukurasa rasmi wa kontena ya PostgreSQL unaeleza kwamba `POSTGRES_PASSWORD` husomwa tu wakati hifadhidata inaundwa mara ya kwanza, ghala likiwa tupu. Kama data ipo, kubadilisha mstari huo hakubadilishi kitu. Hivyo hifadhidata iliendelea kutumia nenosiri la zamani.

Pili, maelekezo ya Docker yanasema kwamba `docker compose down` peke yake huondoa kontena na kuacha voliumu zenye majina. Herufi `-v` ikiongezwa, voliumu hizo nazo hufutwa. Herufi moja ndiyo iliyochoma ghala.

Njia sahihi ilikuwa fupi. Ukurasa huo huo rasmi unaeleza kwamba ukiingia kutoka ndani ya kontena yenyewe, nenosiri halihitajiki. Kwa hiyo kijana angeandika `docker compose exec hifadhi psql -U chama`, ambapo "hifadhi" ni jina la huduma ya hifadhidata kwenye faili la mipangilio na "chama" ni jina la mtumiaji, kisha angetoa amri `\password` na kuandika nenosiri jipya mara mbili. Kazi ingekwisha, na kila deni lingebaki mahali pake.

Tazama kwamba msaidizi hakuwa na nia mbaya, na kijana hakuwa mvivu. Aliyekosekana ni shahidi wa tatu: maelekezo ya waliounda programu hiyo.

Hatua sita za kufuata

1. *Jua toleo lako.* Andika `docker version` na `docker compose version`, kisha angalia namba ya toleo la kila kontena kwenye faili la mipangilio. Neno `latest` si namba. Weka toleo kamili, ili ujue ni ukurasa upi unaokuhusu.

2. *Mwamuru msaidizi asome kwanza.* Mwambie: "Kabla ya kupendekeza amri yoyote, fungua maelekezo rasmi ya toleo hili, nionyeshe ukurasa na sentensi unayoitegemea. Usipoipata, sema hukuipata." Wasaidizi kadhaa husoma faili liitwalo `AGENTS.md` ndani ya folda ya mradi. Andika agizo hilo humo, usilazimike kulirudia kila siku.

3. *Fungua ukurasa huo wewe mwenyewe.* Msaidizi anaweza kutaja ukurasa usiokuwepo, au kuusoma vibaya. Kuona kwa macho si sawa na kuambiwa.

4. *Intaneti ikikatika, tumia msaada uliomo ndani.* Amri kama `docker compose down --help` hueleza kila herufi bila intaneti, na maelezo yake ni ya toleo lile lile ulilonalo. PostgreSQL nayo hutoa kitabu chake kizima cha kupakua. Kihifadhi siku mtandao unapokuwa mzuri.

5. *Chukua nakala kabla ya kugusa.* Kwa mfano wetu: `docker compose exec -T hifadhi pg_dump -U chama chama > nakala.sql`. Iweke nakala kwenye kifaa kingine, na uijaribu kwa kuirudisha kwenye hifadhidata ya majaribio. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Akiba haiozi.

6. *Usimpe msaidizi ruhusa ya kufuta.* Mruhusu asome kumbukumbu za mfumo na aandike mapendekezo. Amri yoyote yenye `rm`, `prune`, `down -v` au neno la kufuta ipite mkononi mwako, baada ya kuisoma neno kwa neno.

Maelekezo rasmi ni yapi?

Ni yale yanayotolewa na wenye programu: ya Docker kwenye docs.docker.com, ya Kubernetes kwenye kubernetes.io, ya PostgreSQL kwenye postgresql.org, na ya DHIS2 kwenye docs.dhis2.org. Kwa kontena, tazama pia ukurasa wa kontena yenyewe kwenye Docker Hub, na uhakikishe umewekwa alama kuwa ni rasmi. Video ya rafiki au jibu la mtu usiyemjua linaweza kukusaidia kuelewa, lakini lisiwe ndilo unalotegemea kufuta au kubadilisha.

Maelekezo rasmi nayo yana mipaka yake. Hayajui jina la kontena yako wala siku ambayo chama kinafunga hesabu. Hapo ndipo msaidizi anafaa: akueleze kwa lugha nyepesi ukurasa uliousoma, na auoanishe na hali yako. Mpe kazi ya kufafanua, usimpe kazi ya kukumbuka.

Sheria inasemaje?

Majina, namba za simu, madeni na rekodi za matibabu ni data ya kibinafsi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeitunza ailinde. Data ikiingia mikononi mwa asiyeruhusiwa na kuwepo hatari kwa wenye data hiyo, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu tukio lijulikane.

Hapa pia maelekezo rasmi yanaokoa. Docker inaonya kwamba poti ya kontena ikifunguliwa kwa njia ya kawaida, hupita kando ya kinga ya `ufw` iliyowekwa kwenye kompyuta nyingi za Linux. Mtu anadhani amefunga mlango, kumbe dirisha li wazi. Kama hifadhidata inahitajika kwenye kompyuta hiyo hiyo pekee, andika `127.0.0.1:5432:5432` badala ya `5432:5432`. Kama ni kontena zenzake tu zinazoihitaji, usifungue poti yoyote. Na usibandike kamwe nenosiri au rekodi ya mgonjwa kwenye mazungumzo na msaidizi.

Jipime

1. Msaidizi anakuambia uongeze `-v` ili "kusafisha". Utafungua ukurasa gani kwanza, na utatafuta sentensi gani?
2. Umebadilisha `POSTGRES_PASSWORD` na hakuna kilichobadilika. Kwa nini?
3. Nakala yako ya mwisho ni ya lini, na umewahi kuirudisha?

Kama hukuweza kujibu swali la tatu, anza na hilo leo jioni. Viongozi wa vyama nao wamwulize fundi wao swali hilo hilo kwenye mkutano ujao, kama wanavyouliza hesabu ya fedha. Tahadhari kabla ya hatari.