Bambo la Kiini: Mwongozo wa Kipindi cha Bosoni za W na Z kwa Walimu wa Fizikia, Bonga

1. Lengo
Kipindi hiki kifuate mada ya mionzi. Kikiisha, mwanafunzi aweze kueleza kwa nini maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hugonganisha protoni na viini vya madini ya risasi, kisha huhesabu bosoni za W na Z.

2. Vifaa
Gunia la mbaazi, bambo, ubao na kikokotoo.

3. Utangulizi
Choma gunia kwa bambo mbele ya darasa. Uliza: mnunuzi hujuaje hali ya mbaazi za katikati bila kumwaga gunia? Wakishajibu, eleza kwamba kiini cha risasi ni gunia la protoni 82 na nyutroni 126, zote zikiwa zimejaa kwaki na gluoni. Linalotafutwa ni hili: je, kwaki zilizosongamana humo zimegawana mwendo sawasawa na zile za protoni iliyo peke yake?

4. Maelezo
(a) Kwaki ya upande mmoja ikikutana na antikwaki ya upande wa pili, Z huweza kuzaliwa. Huvunjika papo hapo, na mara chache huacha myuoni mbili.
(b) Myuoni hazihisi nguvu kali inayofunga kiini, hivyo hutoka katika vurugu za mgongano karibu bila kuguswa. Ndiyo sababu zinaaminika kama sampuli ya bambo.
(c) W huweza kuacha myuoni moja na nyutrino. Nyutrino haionekani, hutambuliwa kwa mwendo unaopungua katika jumla.

5. Zoezi
Myuoni mbili zimeruka pande zilizo kinyume kabisa, moja ikiwa na GeV 50, nyingine GeV 40. Tungamo la chembe iliyozizaa ni kipeuo cha pili cha 4 × 50 × 40, yaani GeV 89.4. Tungamo la Z ni GeV 91.2 na lina upana wa takriban GeV 2.5, kwa hiyo jozi hii inakubalika.

6. Kusoma matokeo
Toa matukio ya bandia, fidia yaliyokikwepa kitambuzi, kisha linganisha na mgongano wa protoni kwa protoni mara 208. Kwa W, kumbuka kwamba nyutroni zina mchanganyiko mwingine wa kwaki. Data ya mwaka 2016 ya CMS, kitambuzi kimojawapo cha CERN, kwa nishati ya TeV 8.16, ilionyesha kuwa kuzidisha tu hakutoshi: kwaki za ndani ya kiini zimegawana mwendo kwa namna tofauti.

7. Tahadhari
Bambo hutoa mbaazi iliyokuwamo. Bosoni haikuwamo, huzaliwa palepale. Mwanafunzi asiyetofautisha haya mawili arudishwe kipengele 4(a) kabla ya kupewa zoezi.