Kuhesabu yatima bila kuwaanika: Somo kutoka Bukoba na Muleba

Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilihudhuria kikao cha Waislamu mjini Bukoba kilichoitishwa kuzungumzia yatima. Ajenda ilikuwa moja tu: watoto wangapi wasaidiwe ada, sare na madaftari, na fedha zitoke wapi. Hatukufika mbali. Ndugu mmoja alisema yatima wa Kiislamu katika wilaya za Bukoba na Muleba hawazidi mia tano. Mwingine akadakia kuwa ni zaidi ya elfu kumi. Kila mmoja aliapa. Hakuna aliyeulizwa hesabu yake ameitoa wapi.

Ndipo kijana mmoja akatoa rai iliyopokewa kwa takbira. Alisema kila msikiti uandike majina ya yatima wake, kijiji wanachoishi, anayewalea na sababu ya kufa kwa wazazi wao, kisha orodha ibandikwe mlangoni ili wenye uwezo wachague wa kumsaidia. Bibi mmoja kutoka upande wa Kamachumu, aliyekuwa amekaa nyuma pamoja na kina mama wenzake, akaomba kusema. "Wanangu," alisema, "mkibandika jina la mjukuu wangu na ugonjwa uliomuua mama yake, daftari mtampa. Lakini nani atakuja kumposa?"

Kikao kilinyamaza. Kikafungwa kwa dua, bila uamuzi wowote.

Nimelitafakari sana swali la bibi yule. Kwa hakika siku ile tulikuwa tumesimama kati ya makosa mawili. La kwanza ni kusema kwa dhana. La pili ni kutafuta ukweli kwa kuvunja heshima ya watu. Nataka kuonesha katika makala hii kwamba ipo njia ya tatu, na kwamba njia hiyo imeshapita katika vijiji vyetu hivi hivi vya Kagera, ingawa wengi wetu hatuna habari nayo.

Kitabu cha sensa na faili la sensa

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaijua sensa kwa matokeo yake ya jumla. Tunasoma kwamba wilaya ya Muleba ilikuwa na watu 386,328 mwaka 2002 na 540,310 mwaka 2012. Hizo ni jumla. Zinasaidia kugawa madarasa na zahanati, lakini hazijibu swali la kikao chetu. Jumla haikuambii kama mtoto aliyefiwa na mama na anayelelewa na bibi yake anakwenda shule sawa na mtoto mwenye wazazi wote wawili.

Ili kujibu swali la namna hiyo inabidi kurudi nyuma ya jumla, kwenye majibu ya mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo linapokuja faili la sensa lisilo na majina. Kila mtu anakuwa mstari mmoja: jinsia, umri, uhusiano wake na mkuu wa kaya, anasoma au hasomi, baba yake yu hai au la, mama yake yu hai au la. Jina halimo. Namba ya nyumba haimo. Kijiji hakimo.

Mafaili ya aina hiyo kwa Tanzania yapo. Sampuli za takriban asilimia kumi za sensa za 1988, 2002 na 2012 zimehifadhiwa katika mradi unaoitwa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwa makubaliano na ofisi za takwimu za nchi husika. Mtafiti hujiandikisha, hueleza anataka kufanya nini, hutia ahadi ya kutunza siri, kisha hupewa bila malipo. Mwalimu wa Bukoba ana haki ya kuomba sawa na profesa wa Ulaya.

Tuchukue mfano wa kazi yenyewe. Unachukua faili la 2012. Unabakiza Kagera, kisha Muleba. Unabakiza watoto wa miaka 7 hadi 13. Unawatenga ambao mama zao wamefariki. Hao nao unawagawa: wanaoishi na baba, wanaoishi kwa babu au bibi kama wajukuu, na wanaoishi kwa ndugu wengine. Kisha unatazama katika kila fungu ni wangapi wanasoma, na unalinganisha na watoto ambao mama zao wako hai. Kwa kuwa sampuli ni ya asilimia kumi, kila mstari unasimama badala ya watu wapatao kumi. Kwa kazi ya siku chache umepata jibu ambalo kikao chetu kililitafuta kwa viapo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetajwa jina.

Kagera imekwisha kusomwa

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya kinadharia. Hapana. Kagera ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo maisha ya watu wake yamefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi kwa njia hii.

Itakumbukwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, siku zile watu walipouita ugonjwa wa Juliana. Vijana na watu wazima walikufa, vibanja vikabaki na wazee na watoto. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchunguzi wa afya na maendeleo katika mkoa huu. Walichagua kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51, na katika kuchagua walitumia sensa ya 1988 kujua maeneo yenye vifo vingi na yenye vifo vichache. Kaya zile zilitembelewa hadi mara nne.

Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Waliokuwa watoto walikuwa wamekua, wameoa, wameolewa, wamehama. Walifuatwa Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo zilipatikana angalau mtu mmoja, nazo zilikuwa zimegawanyika na kuwa kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 walirudi tena. Ofisi iliyoendesha kazi hiyo ya kuwafuatilia ilikuwa hapa hapa Bukoba.

Walipata nini kuhusu yatima? Waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufika miaka 15 alipoteza, kwa wastani, kiasi cha mwaka mmoja wa masomo, na alipokuwa mtu mzima alikuwa mfupi kwa takriban sentimeta mbili kuliko ambavyo angekuwa. Sentimeta mbili ni chakula ambacho hakikuliwa. Na hasara hiyo haikurudi. Mtoto hakuja kuifidia ukubwani.

Tazama faida ya elimu hii. Kikao chetu kilikuwa kinafikiria ada za sekondari. Kumbe mtoto huanza kupotea mapema, kwenye sahani ya chakula na kwenye shule ya msingi, na hasa pale anapoondokewa na mama. Jambo hilo halikujulikana kwa kubandika jina la mtu mlangoni. Lilijulikana kwa sababu maelfu ya watu wa mkoa huu walikubali kujibu maswali, na majibu yao yakawekwa kwa namba.

Kufuta jina hakutoshi

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuamini. Bibi wa Kamachumu angeweza kuuliza: mkifuta jina, ndiyo mjukuu wangu hatajulikana?

Jibu ni kwamba inategemea. Chukua mstari unaosema: mwanamke, miaka 34, mjane, mwalimu, ana shahada ya chuo kikuu, ana watoto pacha, na ukautaja na kijiji chake. Kila mtu kijijini hapo atasema, huyu ni fulani. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mtafiti Latanya Sweeney alichukua kumbukumbu za hospitali zilizofutwa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akazipata kumbukumbu za gavana wa jimbo la Massachusetts. Baadaye alikadiria kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta.

Kwa sababu hiyo wanaotunza mafaili ya sensa hufanya zaidi ya kufuta majina. Hutoa sampuli tu, kwa hiyo huwezi kuwa na uhakika kama jirani yako yumo. Maeneo madogo, kwa kawaida yenye watu chini ya 20,000, huunganishwa na mengine. Baadhi ya kaya huhamishiwa kwa makusudi wilaya nyingine ndani ya faili, bila kutangazwa ni zipi. Mpangilio wa kaya huvurugwa. Na juu ya yote hayo, mtafiti anafungwa na ahadi yake kwamba hatajaribu kumtambua mtu. Hapa kwetu, Sheria ya Takwimu inawabana maafisa kutunza siri za watu, na tangu mwaka 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sisi watu wa Kagera tunajua kwa nini ulinzi huo si mzaha. Mwaka 1994 vitambulisho vya jirani zetu wa Rwanda vilikuwa na sehemu ya kabila. Katika vizuizi vya barabarani sehemu hiyo ilitosha kuamua nani afe. Tuliona maiti zikiletwa na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na Ngara ikajaa wakimbizi. Taarifa yenye jina ikiangukia mikono mibaya ni silaha.

Dini inasemaje

Kuhesabu watu si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza waliotamka Uislamu waandikwe, na katika riwaya hiyo walifika wanaume 1,500. Umar bin Khattab (r.a.) alianzisha diwani ili kila mwenye haki katika mali ya umma aandikwe na apewe. Walihesabu ili haki iwafikie watu.

Lakini dini hiyo hiyo, katika Suratul Hujurat, imetukataza dhana nyingi, kuchunguzana na kusengenyana, yote mahali pamoja. Anayesema yatima ni elfu kumi bila ushahidi ameingia katika la kwanza. Anayebandika maradhi ya marehemu mlangoni ameingia katika mawili yaliyobaki. Na aliyepewa siri akaahidi kuitunza amebeba amana, hata kama hamjui aliyempa. Jina limefutwa, amana haikufutwa.

Hapa sina budi kugusa jambo moja. Katika sensa ya Agosti 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa wakidai kipengele cha dini, ambacho kilikuwa hakijaulizwa tangu sensa ya 1967. Sensa ya 2022 nayo ilipita bila kipengele hicho. Sikusudii kufufua mjadala ule, wala kuwahukumu waliokuwa na hoja zao. Nasema tu kwamba nyumba iliyofunga mlango, yatima wake hayumo katika mistari ile. Wakati wa kupanga, mtoto yule hakuwepo.

Aidha, kwa kuwa dini haimo, mafaili hayo hayawezi kutuambia yatima wa Kiislamu ni wangapi. Wale ndugu wawili wa kikaoni, wa mia tano na wa elfu kumi, wasingeweza kuthibitisha kwa sensa hata mmoja wao. Vilevile mipaka hubadilika. Missenyi ilimegwa kutoka Bukoba Vijijini, hivyo anayelinganisha 2002 na 2012 bila kuliangalia hilo atadhani watu wa Bukoba wamepotea. Elimu ni pamoja na kujua kipimo chako kinaishia wapi.

Tufanye nini?

Kwanza, kamati zetu za yatima zisianze na viapo, zianze na hesabu zilizopo. Tunao vijana waliosoma takwimu na uchumi vyuoni. Wapewe kazi hiyo, na wakileta jibu wasilolipenda wazee, lisikilizwe.

Pili, hesabu ituoneshe ukubwa wa tatizo na mahali lilipo, kisha kumfikia mtoto mwenyewe kufanywe kwa siri. Daftari la majina likae kwa watu wawili au watatu waaminifu, likiwa na jina na hitaji la mtoto tu. Sababu ya kifo cha mzazi haina kazi katika kununua sare.

Tatu, karani wa sensa au wa utafiti akibisha hodi, tumuulize kitambulisho chake na taarifa zetu zitatunzwaje. Akitujibu, nasi tumjibu kweli. Mtoto aliyefichwa au mjane aliyesema uongo wa umri anaharibu hesabu ya wenzake kumi.

Yule bibi sijamuona tena. Lakini kama kikao kile kingeitishwa leo, ningemwambia mbele ya wote: Mama, mjukuu wako atahesabiwa, na jina lake litabaki nyumbani kwako.

Wabillahi tawfiq.