Mbao Zinalisha Familia, Vumbi Lake Je?

Siku moja alinijia kijana anayepasua mbao kwa mashine ndogo huko Mufindi, zile ambazo wenyewe huziita ding-dong. Hakuja kwa ajili yake. Alimleta mtoto wake wa miaka miwili aliyekuwa anakohoa usiku na kutoa mlio kifuani kama filimbi. Chupa tatu za dawa ya kikohozi zilikwisha bila nafuu. Nilipomhoji nikaelewa: nguo zake za kazi huzitundika katika chumba wanacholala wote, na mama wa mtoto hupikia jiko la pumba za mbao ndani kwa sababu ya baridi. Yule mtoto alikuwa akivuta vumbi na moshi usiku na mchana.

Kazi yenyewe ni ya halali na inalisha nyumba nyingi. Mtu mwenye injini ya dizeli na msumeno wa duara hununua miti ya paini kwa wenye mashamba madogo, huipasua na kuuza mbao kwa wenye malori ya kwenda mjini. Akipiga hesabu huweka mafuta, kunoa msumeno, vibarua, usafiri na ushuru. Gharama ya ugonjwa haiandiki. Kwa kuwa vibarua wengi hulipwa kwa idadi ya mbao, kila kinachopunguza kasi huonekana ni hasara, hata kikiwa ni kinga ya msumeno.

Tuanze na vumbi. Lile zito unaloliona likianguka chini si baya sana. La hatari zaidi ni lile laini linaloelea hewani, ambalo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Huleta mafua yasiyokwisha, macho mekundu, muwasho wa ngozi na pumu. Mvule unajulikana sana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, lakini hata paini ina utomvu unaosumbua baadhi ya watu. Dalili moja ya kuangalia ni hii: kifua kinabana siku za kazi, ukipumzika siku mbili tatu unapata nafuu, ukirudi mashineni kinaanza tena. Hapo si "baridi ya Iringa" kama wengi wanavyosema.

Lipo pia jambo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua kuwa mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe walikuwa wakiugua saratani ya ndani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo ni nadra, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Ndiyo maana kijana wa miaka 25 hucheka ukimwambia.

Basi mashine iwekwe mahali pa wazi, mbali na nyumba ya kulala, na mpasuaji asimame upepo ukitokea nyuma yake. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chenga tu, vumbi laini hupita. Inafaa barakoa ya kazi inayobana vizuri usoni. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagia. Anayeswali atakuwa amepandisha maji puani wakati wa adhuhuri na alasiri, na hilo husaidia kuondoa vumbi lililoganda puani, ila maji hayo hayafiki mapafuni. Udhu hauchukui nafasi ya barakoa.

Nyumbani, nguo za kazi zibaki nje, na baba aoge kabla ya kumpakata mtoto. Jiko la pumba liwashwe nje au penye uwazi mkubwa. Yule kijana alifanya hivyo, mtoto akapewa dawa ya kuvuta, na usiku sasa wanalala. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, kwa mkubwa au mdogo, nenda hospitali ukapimwe na kifua kikuu, usidhani kila kitu ni vumbi.

Kelele nazo zinaua masikio taratibu. Ukiwa na mwenzako umbali wa hatua moja na ni lazima upige kelele ndipo asikie, tayari mnaumia. Kiwango kinachokubalika ni desibeli 85 kwa saa nane, nayo misumeno ya duara hufika 100 na zaidi. Vizibo vya masikio bei yake ni ndogo.

Msumeno wenyewe hausamehi. Usivae kanzu, shati la mikono mipana wala skafu inayoning'inia karibu na mkanda wa injini. Kipande kifupi kisukume kwa kijiti, si kwa vidole. Mwezi wa Ramadhani anza kazi mapema, acha kabla jua halijakukausha, kwani kizunguzungu mbele ya msumeno ni hatari.

Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi na unyanyue mkono. Kidole chenyewe kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uweke ndani ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Wahini hospitali pamoja nacho. Msitie majivu, tumbaku wala mafuta ya taa. Uliza pia sindano ya pepopunda, hata kwa jeraha dogo la kibanzi.

Mwisho ni neno kwa akina mama wanaookota mabanzi. Mbao nyingi za kuezekea hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zile zenye rangi ya kijani mara nyingi zina arseniki, ambayo ni sumu. Vipande vyake visiingie jikoni kabisa, wala pumba zake zisitandikwe kwenye banda la kuku. Kama vilishachomwa, majivu yasiogeshee sufuria wala kumwagwa kwenye bustani ya mchicha.