Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Michezo kwa Fedha za Kadiri

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo ikikaribia, mazungumzo ya bwenini aghalabu huwa ni juu ya kompyuta ya michezo. Wazazi nao huuliza, tena kwa haki, kwa nini mwenye duka huyu ataja bei hii na jirani yake ataja nusu yake, hali mashine zenyewe kwa macho ni sawasawa. Nia yangu ni kueleza jinsi fedha za kadiri zinavyopasa kugawanywa. Kompyuta ya mezani si kitu kimoja kama redio. Ni sehemu saba au nane zilizofungwa katika kasha moja, na ile iliyo dhaifu kupita zote huzizuia zilizobaki.

Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, amua kwanza skrini utakayotumia. Picha ya skrini hufanywa kwa nukta ndogo ndogo. Skrini ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Ile ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, na ile iitwayo 4K ina zaidi ya milioni 8, mara nne ya ile ya kwanza. Mchezo ukienda kwa picha 60 kila sekunde, nukta zote hizo huchorwa upya mara 60. Kwa skrini ndogo tu hesabu yake ni zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja! Mwenye fedha za kadiri na atosheke na hiyo ya kwanza, kwani mwenye kununua skrini ya 4K huipa mashine yake mzigo wa mashine nne.

Kazi ya kuchora hufanywa na kadi ya picha, wala si prosesa. Basi kama fedha zako zote ni sehemu kumi, ningetenga tatu au nne kwa kadi hiyo. Radeon RX 6600 iliyotoka mwaka 2021, au GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023, kila moja ina gigabaiti 8 za kumbukumbu yake yenyewe, na yatosha kwa skrini tuliyoitaja. Chini ya gigabaiti 8 sishauri. Zipo pia kadi zilizotumika. Mpaka Septemba 2022 watu wengi duniani walizitumia usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum. Mtindo huo ulipokomeshwa, kadi nyingi ziliuzwa. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana. Zisikilize kwanza.

Kwenye prosesa ndipo wengi hudanganyika. Muuzaji husema, “Hii ni i7, mzee wangu,” na mzazi akijua kwamba saba ni kubwa kuliko tatu, hutoa fedha. Lakini tarakimu hiyo haielezi umri. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, nayo ina viini vinne. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022, nayo pia ina viini vinne, ila mwendo wake wampita yule mzee kwa mbali. Hapana budi kulisoma jina lote mpaka mwisho. Katika 2600 ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili. Katika 12100 ile 12 ni kizazi cha kumi na mbili. Herufi F mwishoni, kama katika i5-12400F, maana yake ni kwamba prosesa hiyo haiwezi kutoa picha peke yake. Bila ya kadi, skrini itabaki nyeusi.

Kwa michezo ya leo viini sita vyatosha, kama vile vya hiyo i5-12400F au vya Ryzen 5 5600. Angalia tu kwamba prosesa na ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, viwe vya soketi moja. Ryzen 5 5600 hukaa katika soketi AM4, na Ryzen 5 7600 katika AM5 inayotaka ramu ya DDR5, haziingiliani kabisa. Tena ubao wa B450 uliokaa dukani miaka mingi huenda usiitambue 5600 mpaka fundi aupe BIOS mpya. Mwulize kabla ya kulipa.

Sasa nafikia sehemu ambayo haionekani wala haisifiwi, yaani pawa saplai. Hii hupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12 na nyingine ndogo, na kila kilichomo kashani huishi kwa umeme huo. Kwetu umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Saplai duni ikifa haifi peke yake. Yaweza kuondoka na kadi na ubao pia, na hapo fedha ya mzazi imekwenda yote. Tufanye hesabu. RTX 4060 hula wati 115, prosesa tuliyoitaja wati 65 au zaidi kidogo ikifanya kazi kwa nguvu, na vilivyobaki tuseme 50. Jumla ni kama 230. Saplai ya wati 500 au 550 yatosha vizuri, maadamu wati hizo ni za kweli. Utajuaje? Soma jedwali lililobandikwa ubavuni, kwenye safu ya +12V, ukakumbuke kanuni ya fizikia kwamba nguvu ni volti mara ampea. Ikiandikwa ampea 18, hizo ni wati 216 tu, hata kama nje pameandikwa 600 kwa wino wa dhahabu. Alama ya 80 PLUS huonyesha kwamba saplai haipotezi umeme mwingi kwa joto. Si kinga ya radi. Mimi ningeshuka daraja moja la kadi kuliko kupunguza hapa.

Ramu iwe gigabaiti 16, kwa vipande viwili vya 8, kwani prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja kama kuchota maji kwa ndoo mbili. Bei ya ramu ilipanda sana katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye mashine za akili mnemba; basi bei ya mwaka jana isikuongoze. Diski iwe SSD. Kasha liwe na matundu mbele, na taa za rangi waachie wenye fedha za kuchezea, kwani hazichori hata nukta moja.

Mwenye fedha pungufu huelekea kwenye mashine za ofisi zilizotumika, ambazo madukani mwa Kariakoo na kwingineko ni nyingi. Si wazo baya. Ila saplai zake aghalabu ni ndogo na hazina waya wa kadi, hivyo tafuta kadi inayojitosheleza kwa wati 75 za soketi ya ubao, kama baadhi ya GTX 1650 za mwaka 2019, tena uipime kwa rula isije ikakataa kuingia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo ile ya kizazi cha sita, hata ikiwa ya bei ya kuteka, iulizie mara mbili.

Siku ya kununua, taka mashine iwashwe na mchezo uendeshwe nusu saa nzima mbele yako, si dakika mbili, kwani joto huchelewa kujionyesha. Kisha risiti iandikwe jina kamili la kila sehemu, pamoja na tarakimu na herufi zake zote. “Kompyuta moja” haitoshi.