Asante kwa Vitu Vidogo

Asante ni neno fupi. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Lakini kulisema kwa moyo kila siku si kazi rahisi, kwa sababu asiyeona zawadi hawezi kushukuru. Kwanza macho huona, kisha moyo hushukuru, mwisho mikono hutenda.

1. Bukari imetoka wapi?

Sakania ni mji wa Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Mtoto mmoja wa huko anarudi kutoka shule. Ana njaa. Mama amempikia bukari na sombe. Mtoto anatazama sahani, ananuna, anasema: «Leo tena hakuna samaki?» Mama hajibu neno.

Mtoto huyo ameona samaki ambaye hayupo. Bukari iliyo mbele yake hakuiona. Je, bukari hiyo imetoka wapi?

Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, baba na mama walilima shamba kwa jembe, wakapanda mahindi. Mwezi wa Januari walipalilia katika matope. Chakula cha mwaka uliopita kilikuwa kinakwisha, nao walikula kidogo ili watoto wapate. Mvua zilipokoma, walivuna. Mahindi yakakaushwa, yakapukuchuliwa, yakapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Mtu mwingine alichoma makala msituni, akayaleta mjini juu ya baiskeli. Mama akateka maji, akatwanga sombe, akawasha moto, akasonga unga.

Hesabuni mikono hiyo yote! Na tena, ni nani aliyeleta mvua? Ni nani aliyeamuru punje iote gizani chini ya udongo? Ni Mungu. Zawadi zake hupita katika mikono ya watu mpaka zifike kwetu sahanini. Kwa hiyo mtoto anayemshukuru Mungu, lakini hamwambii mama yake asante, ameshukuru nusu tu.

2. Mama mmoja na watoto wake

Mtakatifu Yoane Bosco alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, kaskazini ya Italia. Baba yake alikufa mwaka 1817, naye Yoane alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Baada ya kifo hicho njaa kubwa iliingia katika nchi yao. Mama yake, Margarita, alitafuta chakula cha kununua, asipate. Akapiga magoti pamoja na watoto wake, wakasali. Kisha akainuka, akachinja ndama wao, wakala. Sala yake haikumzuia kufanya kazi. Ilimpa nguvu ya kuifanya.

Mama Margarita hakujua kusoma. Hata hivyo, aliwafundisha watoto wake kuziona zawadi za Mungu. Usiku aliwaonyesha nyota. Wakati wa mavuno aliwaonyesha ngano. Wakati wa baridi, wakikaa karibu na moto, aliwakumbusha nani amewapa kuni na nyumba. Hivyo mtoto Yoane alijifunza kushukuru kabla hajajifunza kuandika.

Alipokuwa padri, alikusanya vijana maskini katika mji wa Torino. Mwaka 1849 wawili kati yao walitaka kumshukuru. Hawakuwa na mali. Walijinyima chakula kidogo, wakaweka senti baada ya senti, mpaka wakanunua mioyo miwili midogo ya fedha. Wakampelekea zawadi hiyo usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Don Bosco alifurahi sana, kwa sababu alijua jinsi walivyojinyima.

Baadaye mapadri na mabruda wa Don Bosco walifika mpaka Katanga. Waliingia Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mwaka 1911. Sakania ikawa jimbo mwaka 1959.

3. Kumi waliponywa, mmoja akarudi

Mtakatifu Luka anaandika katika Injili habari za watu kumi wenye ukoma. Walisimama mbali, wakamwomba Yezu awahurumie. Yezu akawatuma kwa makuhani, nao wakapona wakiwa njiani. Tisa wakaendelea na safari yao. Mmoja tu, Msamaria, akarudi, akaanguka miguuni pa Yezu kumshukuru. Yezu akauliza wale tisa wako wapi.

Wale tisa hawakuiba wala kutukana. Walisahau tu. Walipokuwa wagonjwa walipaza sauti. Walipopona, sauti ikapotea. Ndivyo ilivyo hata leo. Mtu akiwa na homa husali sana. Homa ikipona, hupita mbele ya kanisa bila kuingia.

4. Mikate ikiwa bado mitano

Wengine husema: «Nitamshukuru Mungu nikipata vingi.» Tazameni alivyofanya Yezu. Watu elfu tano walikuwa na njaa. Mtoto mmoja alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Yezu akaichukua mikate, akashukuru, akaigawa. Wote wakashiba, vikabaki vikapu kumi na viwili.

Yezu hakungoja vikapu vijae ndipo ashukuru. Alishukuru kwanza, mikate ikiwa bado mitano. Hata usiku wa kuamkia mateso yake alichukua mkate, akashukuru. Ndiyo sababu Misa Takatifu huitwa Ekaristi. Neno hilo la Kigriki maana yake ni kushukuru.

Lakini kushukuru si kusema kwamba njaa ni njema. Mgonjwa na aombe dawa. Mwenye njaa na aombe chakula. Aliyeonewa na adai haki yake. Mungu hakasirikii machozi ya mtu. Mwenye shukrani hulia pia, lakini katika kilio chake hasahau mema aliyopewa.

5. Kazi ya kila jioni

Kabla ya kulala, piga magoti, fanya ishara ya msalaba, kisha fanya mambo matatu:

Kwanza, taja zawadi tatu ndogo za siku hiyo: maji baridi wakati wa jua kali, embe uliyopewa na rafiki, kalamu uliyoazimwa shuleni.

Pili, taja mtu ambaye Mungu alimtumia kukuletea zawadi hiyo. Kesho mwambie asante.

Tatu, chagua kitu kimoja utakachomgawia mwingine. Mikate mitano ililisha wengi kwa sababu haikubaki mikononi mwa mmoja.

Fanya hivyo siku saba bila kuacha. Zawadi zilikuwapo kila siku. Siku ya saba macho yako yatakuwa yamezoea kuziona.

Maswali

1. Mtoto wa Sakania aliona nini sahanini? Hakuona nini?
2. Taja watu watatu waliofanya kazi ili bukari ipatikane.
3. Mama Margarita alifanya nini baada ya kusali wakati wa njaa?
4. Wale wakoma tisa walikosa nini?
5. Yezu alishukuru wakati gani: kabla ya watu kushiba au baadaye?
6. Andika zawadi tatu ulizopata leo, na majina ya watu waliokuletea.