Kupima Risasi kwa Mtoto Asiyeonekana Mgonjwa

Wazazi hutuuliza: mtoto anacheza, anakula na kulala vyema; kuna haja gani ya kumpima metali nzito? Katika somo hili tunaeleza habari za risasi, metali ambayo hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza kabla dalili yoyote haijaonekana. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kuwa takriban mtoto 1 kati ya 3 duniani alikuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu.

Nani apimwe?

Si lazima kila mtoto apimwe. Tunashauri apimwe anayeishi karibu na mahali panapovunjwa au kuyeyushwa betri za magari, kama ilivyokuwa Owino Uhuru, Mombasa. Anayeishi katika nyumba yenye rangi kuukuu inayobanduka. Anayepakwa wanja wenye risasi. Au ambaye mzazi wake hurudi nyumbani na vumbi la kazi hizo katika nguo.

Kipimo sahihi ni kipi?

Ni kipimo cha damu. Tone la kidoleni linafaa kwa uchunguzi wa awali, lakini vumbi lililo kwenye ngozi laweza kupandisha jibu. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Jibu likiwa juu, kipimo kirudiwe kwa damu ya mshipani.

Jihadharini na kipimo cha nywele, kwani vumbi la nje hushikamana nazo. Jihadharini zaidi na kipimo cha mkojo kinachotanguliwa na dawa ya kutoa metali mwilini. Dawa hiyo huongeza metali katika mkojo wa mtu yeyote, kisha jibu hulinganishwa na viwango vya watu wasioinywa. Hivyo mtoto mzima huitwa mgonjwa, na mzazi huuziwa tiba isiyohitajika. Tiba hiyo si ya kufanyia mchezo: nchini Marekani, kati ya 2003 na 2005, watoto wawili walifariki baada ya dawa ya aina hiyo kushusha mno kalsiamu ya damu yao.

Jibu lina maana gani?

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, jibu likifika mikrogramu 5, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Kwa watoto wa miaka 10 au chini, dawa ya kumeza hupendekezwa kuanzia mikrogramu 45, chini ya uangalizi wa daktari.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo matatu: Je, kitakachopimwa ni damu? Je, mtoto atapewa dawa yoyote kabla ya kipimo? Je, jibu litaandikwa kwa mikrogramu na kuelezwa na daktari? Mkiambiwa kuwa dawa hutangulia kipimo, msikubali. Mpelekeni mtoto hospitalini.